Konda, Dereva na Mfalme wa Maini

Mwaka juzi niliumia mgongo kwa sababu ya simu. Usicheke. Mtaani kwetu tuna jimu ya uani. Vyuma vyake ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yameunganishwa kwa bomba. Nikawa namfuata kijana mmoja mtandaoni, kifua kama mlango, anayehimiza watu wanyanyue kila siku bila kupumzika. Nikanyanyua. Siku ya tisa nikashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Mama akanikanda kwa maji ya moto huku akiuliza: huyo mwalimu wako ni nani, na kwao wapi? Sikuwa na jibu. Jina lake halisi silijui mpaka leo.

Swali hilo ndilo lililonitia kwenye kusoma historia. Kumbe biashara hii ni kongwe! Charles Atlas, aliyezaliwa Italia mwaka 1892 kwa jina la Angelo Siciliano, aliuza kozi ya mazoezi kwa posta huko Marekani tangu miaka ya 1920. Tangazo lake maarufu lilikuwa la katuni: kijana mwembamba anatimuliwa mchanga ufukweni na mbabe, anachukua kozi, anarudi kulipiza. Ushahidi ulikuwa mwili wa muuzaji, basi. Karibu miaka 100 baadaye akaja Brian Johnson, Mmarekani aliyejiita Liver King, yaani Mfalme wa Maini. Alidai misuli yake imetokana na kula maini mabichi na kuishi kama watu wa kale, huku akiuza vidonge vya lishe. Desemba 2022, baada ya barua pepe zake kuvuja, akakiri kwenye video kwamba alikuwa akitumia dawa za kukuza misuli. Mamilioni walikuwa wameshamwamini.

Mtu niliyempenda mimi ni mwingine kabisa, wala hakuwa na kifua cha kuonyesha. Ni daktari Jerry Morris. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maradhi ya moyo yalikuwa yakiongezeka Uingereza, na sababu hazikueleweka vizuri. Morris na wenzake wakawaendea watu wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Hebu fikiri: dereva na konda wako gari moja, moshi mmoja, njia moja. Lakini dereva amekaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. (Konda wetu wa daladala yeye ananing'inia mlangoni; sijui Morris angemweka kundi gani.) Wakahesabu wagonjwa, wakahesabu vifo. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na vifo vya ghafla vilikuwa vichache kwao. Wakatazama na watu wa posta: wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko wanaokaa ofisini. Yote hayo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la The Lancet.

Mwingine angeishia hapo, ajipige kifua. Morris na wenzake wakaenda kufukua rekodi za sare! Kampuni iliwashonea wafanyakazi nguo, kwa hiyo vipimo vya viuno vilikuwepo. Wakakuta suruali za madereva ni pana kuliko za makonda, hata kwa vijana. Maana yake nini? Huenda wanene ndio walioelekea kwenye usukani tangu mwanzo, na ngazi hazistahili sifa yote. Jambo hilo lililotia doa hoja yao wenyewe walilichapisha wenyewe, mwaka 1956. Kisha Morris akaendelea kuchunguza makundi mengine, wakiwemo watumishi wa serikali na mazoezi yao ya nje ya kazi. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Juzi nilimrudia yule kijana wa kifua. Mgongo umepona, sina kinyongo. Nilianza na video yake ya karibuni nikarudi nyuma moja moja, nikitafuta hata moja tu ambayo anasema, jamani, pale nilikosea. Bando likaisha kabla sijaipata.