Gololi Iitwayo Zohali

Anayetaka kuwakusanya watoto wa Kolo, wilayani Kondoa, likizo ya Juni awachezeshe mambo ya anga ana bahati. Mvua za Kondoa zimeshakwisha, na jioni mbingu iko wazi, nyota za Nge zimejikunja juu ya vichwa. Kiswahili nacho kimeshamfanyia nusu ya kazi. Nusu nyingine imevurugika, na ni heri aipange kabla hajaanza kukata maboksi ya roketi.

Chukua sayari. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali: majina haya yana asili ya Kiarabu na yametulia. Lakini mtoto akifungua daftari la kaka yake atakuta Zebaki mahali pa Utaridi. Zebaki ni ile metali ya majimaji ya kwenye vipimajoto. Waingereza ndio wanaoiita metali na sayari kwa jina moja. Sisi tulikuwa na majina mawili, tukajitwisha mkanganyiko wa jirani. Sarateni, linalotajwa wakati mwingine badala ya Zohali, ni baya zaidi: kwa Kiarabu ni kaa, na kule juu ni kundi la nyota, si sayari. Hilo mimi ningelifuta ubaoni bila kusita. Zebaki limeshaota mizizi, na mwalimu ana mitihani ya kufikiria, basi alitaje mara moja kama jina la pili, asonge mbele.

Majina yakishakaa, mchezo ni rahisi. Mpira wa miguu uwe Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya ulezi, milimita 2 tu, na inakaa mita 24 hivi kutoka kwenye mpira. Zohali ni gololi, iliyo mita 225 huko. Neptuni inapita mita 700, na mtoto atakayeibeba amesafiri kweli. (Asipelekwe upande wa barabara ya Babati, madereva wa malori hawasubiri sayari.)

Mirihi wanaikanyaga kila siku. Wekundu wake ni kutu ya chuma, na kutu ya namna hiyo ndiyo iliyoiva kwenye udongo wa makorongo ya Kondoa, na ndiyo iliyo kwenye rangi nyekundu ya michoro ya miambani. Udongo ukikorogwa na maji kidogo unachora sayari vizuri sana. Kwenye boksi, nasema, si kwenye mwamba! Michoro ya Kondoa, ikiwamo ya Mungomi wa Kolo, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, mwaka uleule Pluto ilipovuliwa cheo cha sayari.

Kimondo ni neno la kuchezea pia. Kinachopita kikiwaka ni kimondo, na kilichokwisha kutua ni kimondo, kama lile pande la chuma la Mbozi, mkoani Songwe, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mtoto akisema ameona nyota ikianguka, aulizwe nyota ingetoshea wapi.

Na wajue kwamba neno letu moja lilikwisha kuruka: setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya.

Kilimia, lile kundi la nyota, ningekiachia siku ya mwisho, kwa sababu Juni hakionekani jioni. Inabidi watoto waamshwe saa kumi na moja alfajiri, watazame mashariki. Jina limetokana na kulima, na hapo mwalimu akae pembeni: aalikwe bibi mmoja anayejua misimu, aeleze mwenyewe lini watu walishika majembe. Watoto waje na masweta. Juni ya Kolo ina baridi.