Feni ya rejeta ya pikipiki

Feni ya rejeta ya pikipiki ni feni ndogo ya umeme inayofungwa nyuma ya rejeta ya pikipiki inayopozwa kwa maji. Kazi yake ni kuvuta hewa ipite kwenye mapezi ya rejeta pale ambapo pikipiki haina mwendo wa kujiletea upepo. Sifa yake kubwa gereji ni kutowaka: injini inachemsha kwenye foleni, maji yanabubujika kwenye chupa ya akiba, mvuke unapanda mbele ya magoti ya dereva, na feni imetulia. Uamuzi wa haraka huwa ni kwamba feni imekufa, itafutwe nyingine. Uamuzi huo una haraka mno. Feni iko mwisho kabisa wa safari ya maji, joto na umeme, na hitilafu kadhaa zinazoichemsha injini ndizo hizohizo zinazoizuia feni kuwaka. Anayeanza kwa kuifungua feni anaanzia mkiani.

Historia

Kupoza injini ya pikipiki kwa maji ni jambo la zamani kuliko feni. Scott za Uingereza zilitumia maji tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, maji yakizunguka yenyewe kwa kupanda yakipata moto na kushuka yakipoa, bila pampu. Velocette LE ya 1948, iliyopendwa na polisi wa Uingereza kwa utulivu wake, nayo ilikuwa ya maji. Vespa ya 1946 ilikwenda njia nyingine: haina rejeta, ila ina feni ya mapanga iliyofungwa kwenye magineto, nayo huzunguka wakati wote injini inapozunguka, kwa hiyo swali la kuwaka au kutowaka halipo. Suzuki GT750 iliyotoka 1971 ilirudisha maji kwenye pikipiki kubwa kwa kishindo, hata Waingereza wakaiita birika. Honda Gold Wing, iliyoonyeshwa Köln mwaka 1974, ilithibitisha kwamba pikipiki ya maji inaweza kuvuka bara zima bila kulalamika. Kuanzia miaka ya 1980 kanuni za moshi na kelele pamoja na injini zenye nguvu zaidi ziliwasukuma watengenezaji wengi upande huo. BMW, iliyokuwa ikiitetea hewa katika injini zake za boksa, ilikubali maji kwenye R1200GS ya mwaka wa modeli 2013.

Inavyofanya kazi

Pampu ya maji, inayoendeshwa na injini yenyewe, husukuma maji kuzunguka silinda na silinda hedi. Injini ikiwa baridi, themostati imefunga na maji hayaendi kwenye rejeta. Ikifika nyuzi 75 au 80 hivi za Selsiasi, themostati huanza kufunguka. Pikipiki ikiwa barabarani, upepo wa mwendo hutosha. Ikisimama, joto hupanda mpaka kiwango cha kuwasha feni, ambacho kwa pikipiki nyingi kiko kati ya nyuzi 98 na 105. Feni huzunguka kwa dakika chache, joto hushuka nyuzi kadhaa, nayo hujizima. Hapa pana kipimo cha kwanza ambacho hakihitaji kifaa chochote: pikipiki inayochemsha ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare haiumwi feni. Kwa mwendo huo feni haihitajiki kabisa, na ugonjwa uko kwenye maji, pampu, themostati, rejeta iliyoziba au gasketi ya silinda hedi. Inayochemsha kwenye foleni tu na kupoa ikipata upepo ndiyo yenye haki ya kupimwa feni.

Umeme wake ni wa namna mbili. Pikipiki nyingi za Kijapani za kaburata za miaka ya 1980 na 1990 zina swichi ya joto, kifaa cha shaba chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichokazwa kwenye rejeta yenyewe. Feni hupata chanya kupitia fyuzi, mara nyingi ya ampea 10, na swichi ikipata joto hukamilisha njia ya hasi kwenye fremu. Pikipiki nyingi za injeksheni hazina swichi ya aina hiyo. Zina sensa inayobadilisha ukinzani kadiri joto linavyobadilika, kontroboksi inausoma, kisha inaamuru rilei iwashe feni.

Kwa nini haiwaki

Ushahidi wenye uzito kuliko wote uko kwenye kifuniko cha rejeta, kitu ambacho wengi hukiona kama kizibo tu. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na Eldoret chini kidogo ya hapo. Kifuniko kizima chenye springi nzuri hubana mfumo kwa shinikizo la baa 1.1 hivi na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120, kwa hiyo tofauti ya Mombasa na Nairobi karibu haionekani. Sasa kifuniko kikilegea mpira na rejeta ikiwa imejazwa maji ya bomba, mfumo hauna shinikizo tena. Maji ya Nairobi yatachemka kwa nyuzi 94 na hayatapanda zaidi, maana maji yanayochemka hubaki kwenye nyuzi zilezile mpaka yaishe. Swichi inayosubiri nyuzi 100 haitazipata katika maji hayo. Pikipiki itatokota na kumwaga maji yote chini, feni itakaa kimya, na kila kiungo cha umeme kitakuwa kizima. Fundi atakayebadilisha feni hapo ataifunga mpya nayo itakaa kimya vilevile.

Mfano wa pili ni maji kupungua. Swichi na sensa zimetengenezwa zizame ndani ya maji. Maji yakishuka chini ya usawa wake, au hewa ikinaswa humo baada ya kubadilisha maji bila kuutoa mfumo hewa vizuri, ncha ya sensa hubaki ikining'inia kwenye hewa, na hewa haipeleki joto kwenye chuma kama maji yanavyopeleka. Injini iko motoni, sensa inaripoti uvuguvugu. Wa tatu ni themostati iliyoganda ikiwa imefunga: maji ya moto hayafiki kwenye rejeta kabisa, kwa hiyo swichi iliyokazwa huko haipati habari. Dalili yake hushikika kwa mkono. Bomba la chini ni baridi kama mtungi, na rejeta ni baridi, ilhali silinda hedi haikaribiki. Pampu iliyovunjika mapanga huacha dalili inayofanana na hiyo. Chini ya pampu nyingi kuna kitundu kidogo kilichoachwa makusudi. Kikidondosha maji, sili ya pampu imekwisha, na kukiziba kwa gundi ni kuyaelekeza maji kwenye oili.

Hoja inayotolewa kupinga haya ni kwamba taa ya joto kwenye dashibodi imewaka, basi joto limefika, na kama limefika feni ilipaswa kuwaka. Ingekuwa hoja nzito kama taa na feni zingesoma mahali pamoja. Katika pikipiki nyingi za kaburata hazisomi hivyo: sensa ya taa au mshale iko kwenye nyumba ya themostati, karibu na injini, na swichi ya feni iko kwenye rejeta. Vyote viwili vyaweza kusema kweli, kimoja kikisema injini inaungua na kingine kikisema rejeta ni baridi. Tofauti hiyo ni habari kamili, inamwambia fundi kwamba maji hayazunguki. Kwenye pikipiki za injeksheni ambamo sensa moja hutumikia vyote, hoja hiyo ina nguvu zaidi: mshale ukiwa juu na feni kimya, kontroboksi imeshapata habari, na tatizo liko kati yake na feni.

Baada ya maji kuthibitishwa, ndipo zamu ya umeme. Kipimo kinachofaa kuliko vyote ni kuchomoa plagi ya feni na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu, feni haina hatia, kasoro iko nyuma yake. Isipozunguka, itazamwe kabla ya kutupwa, kwa kuwa feni ya pikipiki iko sentimita chache nyuma ya tairi la mbele, mahali tope na mchanga hurukia, na mapanga yaliyogandiwa na udongo mkavu hula umeme mwingi mpaka fyuzi ikatike. Fyuzi mpya itakatika pia, na anayeweka kubwa zaidi atachoma waya. Feni inayozunguka ikigongwagongwa na kukataa isipogongwa imekwisha makaa ya mota. Kwa pikipiki ya swichi, kipimo kinachofuata ni kuchomoa waya wa swichi na kuugusisha kwenye fremu swichi ya funguo ikiwa imewashwa: feni ikiwaka, swichi imekufa au haijapata joto. Kwa pikipiki nyingi za injeksheni, kuchomoa sensa kwafanya kontroboksi idhani imepofuka na kuiwasha feni kwa tahadhari. Ikiwaka hivyo, fyuzi, rilei, waya na feni ni vizima. Vidole vikae mbali na mapanga wakati wote huo, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyobanwa kwa nyuzi 110 hugeuka mvuke mara tu yanapoachiwa.

Soketi zinastahili kutazamwa kuliko zinavyotazamwa. Ukivuta plagi ya feni ya pikipiki iliyokaa pwani ukakuta unga wa kijani kwenye meno ya shaba, taa ya kupimia itawaka vizuri, kwa kuwa inahitaji umeme kidogo, na feni inayotaka ampea tatu au zaidi haitazunguka. Volti zipimwe kwa mita feni ikiwa imeunganishwa. Betri ikitoa volti 12.5 na mlangoni kwa feni zikifika 9, zile tatu na ushei zimekwama kwenye kutu.

Swichi yenyewe hupimwa kwa kuichemsha kwenye sufuria huku mita ikiwa imeunganishwa. Vitabu vya ufundi huelekeza hivyo, lakini vimeandikwa kwa watu wa karibu na usawa wa bahari. Sufuria ya maji ya Nairobi haivuki nyuzi 94, hivyo swichi nzima ya nyuzi 100 itaonekana mbovu. Itumike kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, au oili, na kipimajoto kiwemo ndani.

Tiba za mkato

Tiba iliyoenea ni kufunga swichi ya mkono ili dereva awashe feni mwenyewe. Si ujinga. Waendesha pikipiki za safari za jangwani na matopeni huifunga makusudi, na ikiwekwa sambamba na mfumo wa asili, ikiwa na fyuzi yake na rilei, inafaa. Ubaya wake ni pale inapochukua nafasi ya uchunguzi: kama maji hayazunguki, feni inayowaka kwa mkono inapoza rejeta iliyo baridi tayari. Kutoa themostati ni tiba mbaya zaidi. Watetezi wake husema nchi zetu ni za joto. Lakini themostati iliyofunguka haizuii kitu, na iliyotolewa huacha injini ikikimbia baridi barabarani, ikila mafuta zaidi na kuchakaa upesi, bila kuisaidia feni hata chembe.

Kuhusu maji ya bomba, haki itendeke: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti, na pikipiki za mashindano huyatumia kwa sababu kulanti ikimwagika kwenye lami ni utelezi. Wanaoshindana wana mafundi wao wa kuyabadilisha kila mara. Barabarani maji ya chumvi hula alumini na kuacha magamba ndani ya vijia vya rejeta, na baada ya mwaka mmoja au miwili feni inavuta hewa kupita kwenye bomba lililoziba.

Afrika Mashariki

Bodaboda nyingi zinazouzwa, zikiwemo Bajaj Boxer na TVS HLX, hupozwa kwa hewa na hazina rejeta wala feni. Pikipiki za maji ni za wachache: za safari, za michezo, na ndogo za kasi kama Bajaj Pulsar NS200 iliyotoka India mwaka 2012. Anayenunua iliyotumika ya aina hiyo aikute ikiwa baridi, aguse injini kuhakikisha haikupashwa kabla hajafika, atazame maji, kisha aiwashe ikiwa imesimama na kuiacha ingurume mpaka feni iwake yenyewe na kujizima yenyewe, ndipo azungumze bei.