Treni za LEGO: miaka 60, na ugomvi wa reli ya chuma usiokwisha

Miaka 60 imetimia tangu kampuni ya LEGO ya Denmark ilipoingiza sokoni treni yake ya kwanza ya vitofali inayokwenda kwa mota. Lakini ukikaa na watu wazima wanaobuni na kuendesha treni hizo, hasa walioanza kuota mvi, mwaka wanaoutaja kwa uchungu si 1966. Ni 2007. Oktoba ya mwaka huo kampuni iliwatangazia kwamba reli za chuma zinazopitisha umeme hazitatengenezwa tena, na hadi leo wapo ambao hawajaisamehe.

Hasira hiyo ina mizizi mirefu. Seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932 katika kijiji cha Billund, treni za mbao zikiwemo. Jina la LEGO lilikuja 1934, plastiki ikafuata baada ya vita, na tarehe 28 Januari 1958 mwanawe Godtfred akawasilisha ombi la hataza ya kitofali chenye mirija ndani, kile kinachoshika kweli kweli. Moto ulioteketeza ghala la mbao mwaka 1960 uliimaliza kazi ya useremala. Mwaka 1962 likatoka gurudumu, na bila gurudumu makala haya yasingekuwapo.

Treni ya 1966 ilikuwa na reli za buluu. Mtoto alijenga hata njia yenyewe: alichukua vipande viwili vya reli, akavipachika juu ya mataruma meupe kimoja kimoja, kisha akaunga na kingine. Umeme wa volti 4.5 ulitoka kwenye betri zilizobebwa na treni yenyewe. Miaka michache baadaye ukaja mfumo wa volti 12, wenye vipande viwili vya kupitishia umeme katikati ya njia na transfoma ya kuchomeka ukutani. Mwaka 1980 mfumo huo ukavishwa rangi ya kijivu na kuongezewa taa za ishara, kizuizi cha barabarani na reli za kuchepushia treni, vyote vikiongozwa kwa vitufe ukiwa umekaa mahali pamoja. Wazee wa Ulaya watakuapia kwamba kampuni haijatengeneza kitu bora kuliko hicho. Sibishani nao.

Kuna jambo moja ambalo LEGO wanastahili kupongezwa, na wanapongezwa kwa nadra. Katika mabadiliko yote hayo hawakugusa geji. Umbali kati ya reli na reli, takriban milimita 38, ni ule ule wa 1966, hivyo behewa la enzi ya reli za buluu bado linaweza kuvutwa juu ya njia iliyonunuliwa jana. Sisi wa Afrika Mashariki, wenye geji ya mita, ya TAZARA na ya SGR, tunajua gharama ya kutofanya hivyo. Kidatu, geji mbili zinapokutana, mizigo inahamishwa kutoka treni moja kwenda nyingine.

Mwaka 1991 ukaingia mfumo wa volti 9, na hapa ndipo kisa kinapoanza. Safari hii reli zenyewe mbili zilivikwa ukanda wa chuma. Umeme ulitoka kwenye kidhibiti chenye kitufe cha kuzungusha, ukapita relini, ukapandishwa na magurudumu ya chuma ya mota hadi ndani. Hakuna betri, hakuna waya unaoning'inia, hakuna vipande vya ziada katikati ya njia vinavyoharibu sura. Treni ya abiria ya Metroliner, iliyotoka mwaka huo huo, ilipita sebuleni kama treni ya Kimarekani iliyonyweshwa dawa ya kuipunguza.

Uzuri wa mfumo huo anaujua aliyeutumia. Ukitaka kuvuta mabehewa mengi, unaongeza mota ya pili popote katika treni. Zote mbili zinapata umeme ule ule na kwenda mwendo ule ule. Ukiunganisha taa na mota, zinawaka bila betri. Treni inaweza kuzunguka kutwa nzima kwenye maonyesho bila mtu kuigusa, isipokuwa kufuta reli zikichafuka, kwa kuwa vumbi likijaa mota huanza kusitasita. Ulikuwa na kasoro yake pia. Njia inayojipinda na kurudi kujiunga na yenyewe ilikuwa marufuku: reli ya kushoto ingekutana na ya kulia, na hapo ni shoti.

Miaka hiyo ya 1990 ndiyo watu wazima walipojitokeza hadharani. Mwaka 1995 James Jessiman wa Australia alitoa LDraw, programu ya kompyuta iliyomwezesha mtu kujenga kwa vitofali vya kwenye skrini kabla hajanunua hata kimoja. Alifariki 1997, kazi yake ikaendelezwa na wengine. Vilabu vya treni za LEGO vikazaliwa Marekani, cha Minnesota na cha Pacific Northwest vikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na mwaka 2000 likaanzishwa soko la mtandaoni, baadaye likijulikana kama BrickLink, ambako mtu aliweza kununua kipande kimoja kimoja badala ya boksi zima.

Hapo ndipo kubuni treni yako mwenyewe kulipoacha kuwa mchezo wa kubahatisha. Na ni kazi yenye hesabu. Chukua kona. Vipande 16 vya kona vya LEGO vinatengeneza duara kamili lenye nusu kipenyo cha vinundu 40, vile vya juu ya kitofali, yaani sentimita 32. Ukilinganisha geji ya milimita 38 na geji ya kawaida ya milimita 1,435, uwiano ni kama 1 kwa 38. Kwa uwiano huo, kona hiyo ni sawa na treni halisi kujipinda ndani ya mita 12. Hakuna kichwa cha treni duniani cha njia kuu kinachoweza. Kwa hiyo mjenzi wa treni ya mvuke yenye magurudumu makubwa matatu kila upande hulazimika kutumia magurudumu ya katikati yasiyo na ukingo, yateleze juu ya reli wakati yale ya mbele na ya nyuma yanashika njia. Fimbo zinazounganisha magurudumu ya upande wa kushoto hutakiwa kutangulia zile za kulia kwa robo ya mzunguko. Zikilingana, magurudumu hufika mahali yakagoma. Anayeanza huligundua hilo usiku, baada ya kubomoa injini mara kadhaa.

Halafu upana. Behewa la kweli la mita tatu, kwa uwiano ule ule, lingehitaji vinundu kumi. LEGO wenyewe kwa kawaida hujenga kwa sita. Wapenzi wengi wakachagua nane, wengine wakabaki na sita, na mabishano ya pande hizo mbili yalikuwa makali kuliko ya timu za mpira.

Kampuni ilianza kuwasikiliza. Mwaka 2001 ikatoa seti za kumwezesha mnunuzi kuchagua injini na rangi yake. Mwaka 2002 ikatoka Santa Fe Super Chief, injini ya Kimarekani ya fedha na nyekundu, iliyobuniwa na mpenzi wa treni ambaye hakuwa mfanyakazi wa Billund. Kwa vilabu ilikuwa kama kijana wa mtaani kuitwa timu ya taifa.

Kisha fedha zikaisha. Mwaka 2003 na 2004 LEGO ilipata hasara kubwa mno. Jørgen Vig Knudstorp akakabidhiwa uongozi Oktoba 2004, akaanza kukata: bustani za Legoland ziliuzwa mwaka uliofuata, na vipande visivyolipa vikaondolewa kiwandani. Katikati ya misukosuko hiyo kampuni ilibadili rangi ya kijivu, ikaitia ubuluu kidogo. Kwa mtoto si kitu. Kwa mtu aliyetandaza mita kadhaa za reli na kokoto za kijivu cha zamani, na ana injini nusu ambayo haijakamilika, ilikuwa balaa. Barua za malalamiko zilimiminika, na rangi haikurudi.

Ile ilikuwa rasharasha. Mwaka 2006 zikatoka treni za rimoti, zenye mota na betri sita ndani ya kitako kimoja cha plastiki, zikitembea juu ya reli za plastiki tupu. Zilikuwa nafuu, na mtoto wa miaka sita alizifurahia. Waliokuwa na treni za volti 9 walitazama zile reli zisizo na chuma, wakaelewa kinachokuja. Treni mpya zingeweza kutembea juu ya reli za zamani. Za zamani juu ya reli mpya zingesimama kama mzigo.

Tangazo la Oktoba 2007 lilithibitisha. Volti 9 basi, na hata treni za rimoti zilizotolewa mwaka mmoja tu kabla nazo basi. Ungekuja mfumo mwingine. Sababu zilikuwa za kibiashara: soko dogo, gharama kubwa. Wapenzi hawakutaka kusikia hesabu. Walikuwa wamenunua reli kwa maboksi, wamejenga meza za maonyesho, wamefundisha watoto wao, na baadhi walikuwa wameitwa na kampuni hiyo hiyo kutoa ushauri. Wengine waliapa kutonunua tena seti mpya. Wengine walifanya jambo la akili zaidi: walikwenda madukani wakafagia kila mota na kila reli iliyobaki. Bei ikapanda, na mota ya zamani inayofanya kazi vizuri bado inauzwa kwa fedha ambazo mwenye duka la 1991 asingeziamini.

Nawaelewa waliochukia, na naona walikuwa na haki. Lakini haki yao haifuti ukweli kwamba kampuni iliyokuwa ukingoni haikuweza kubeba kila mtu. Kosa la Billund lilikuwa kutoacha mlango wazi, kwa mfano kuuza reli za chuma kwa oda maalumu, hata kwa bei mara mbili. Wateja wale wangelipa.

Mfumo mpya ulikuja mwaka 2009, na kama kifuta jasho ikaja injini ya mvuke ya Emerald Night, ya kijani iliyokolea, yenye vipande 1,085. Ilikuwa na magurudumu makubwa ya mvuke ambayo wapenzi walikuwa tayari wakiyanunua kwa Big Ben Bricks, karakana ndogo ya Marekani iliyoziba pengo hilo mapema. Mfumo wenyewe ulitumia miale ya rimoti kama ya televisheni, hivyo treni ikiingia kwenye handaki haikusikia amri yoyote. Uliisubiri itoke upande wa pili ndipo uipunguze mwendo. Kwenye kumbi za maonyesho, rimoti za watu wawili waliochagua chaneli moja zilivurugana.

Hata hivyo betri nazo zilikuwa na jibu lao. Tarehe 11 Mei 2013, mjini Fredericia, Wadenmark walitandika reli za plastiki za LEGO kwa urefu wa mita 4,000.25, wakaendesha treni kutoka mwanzo hadi mwisho kwa karibu saa nne, na Guinness wakaandika rekodi. Kuisukuma treni kwa volti 9 kupitia maelfu ya viungo vya chuma, kila kimoja kikipoteza umeme kidogo, kungekuwa kazi nyingine kabisa. Wana wa volti 9 hawapendi kukumbushwa hilo.

Mwaka 2018 mfumo ukabadilika tena, sasa wa Bluetooth na simu ya mkononi, na mwaka 2019 LEGO ikainunua BrickLink. Zimetoka treni nzuri: Crocodile ya Uswisi mwaka 2020, yenye nafasi ya kuwekewa mota, kisha Hogwarts Express kubwa ya 2022 na Orient Express ya 2023, zote mbili zikiuzwa bila mota, bei ikiwa ya mtu mzima. Ndipo nalazimika kusema kinachonikera. Kampuni iliyofundisha dunia kwamba treni ya vitofali inatembea, sasa inauza kwa fahari treni za kuweka kabatini zifutwe vumbi.

Wanaotaka zitembee wamejipanga wenyewe. Kampuni ya Fx Bricks na wenzao wanatengeneza reli za chuma zinazoungana na zile za 1991, na kona pana ambazo Billund haijawahi kuziuza: nusu kipenyo cha vinundu 56, 72, 88, 104, hadi 120. Kwenye kona ya 104 behewa la upana wa nane halitoki nje ya mstari na kugonga jukwaa la stesheni. Mota za zamani zinafunguliwa, zinasafishwa, zinarudishwa kazini, na mwenye kidhibiti cha 1991 anakichomeka kwenye reli iliyotoka kiwandani mwaka jana, treni inaondoka.