Likizo Ndefu na Maandalizi ya Ajira
Katika vyuo vikuu vingi nchini Tanzania, likizo ndefu huangukia kati ya Julai na Oktoba, na ndiyo majira ya mafunzo kwa vitendo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, huyahesabu miongoni mwa vipengele vya mkopo.

Wapo wanaofuata mhuri wa msimamizi tu. Hata hivyo, mwanafunzi wa uhasibu anayelinganisha stakabadhi na daftari la fedha katika halmashauri ya wilaya hugundua iwapo kazi hiyo inamfaa, angali na muda wa kubadili mwelekeo. Matangazo ya ajira serikalini humtaka mwombaji kutaja wadhamini watatu. Msimamizi aliyemshuhudia akiwajibika aweza kuwa mmojawapo.