Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Nyumbani kwetu Kizuka kuna mbwa anayeitwa Simba. Baba alimleta baada ya wezi kuingia uani usiku na kubeba madumu mawili ya mawese. Alimfunga kwa kamba kwenye mchikichi ulio kando ya njia, naye Simba akaishika kazi yake kwa bidii. Alibwekea wavuvi waliotoka ziwani alfajiri, alibwekea wanafunzi, alibwekea baiskeli, hata mbuzi wa jirani hakusalimika.

Mwaka jana jirani yetu mwenye mtoto mchanga alikuja kumwona baba. Alisema kwa adabu: "Baba, unisamehe. Mtoto halali, na mimi silali." Kaka yangu akashauri Simba afungwe mdomo kwa kamba kila usiku. Mtu mwingine akataja sumu. Mimi nilikuwa nimempenda yule mbwa, nikaona kabla hajahukumiwa nijiulize swali la kihistoria: je, mbwa wa kwetu wamekuwa wakibweka namna hii tangu zamani?

Nilianza na babu. Alinieleza kwamba ujanani mwake aliwaona wawindaji wakishuka kutoka milimani na mbwa waliovishwa inzogera, yaani kengele, shingoni. Nikamuuliza kengele ilikuwa ya nini, na mbwa anasikika kwa sauti yake. Babu akacheka. "Mjukuu wangu, kama angekuwa anabweka, wangehangaika na kengele kwa nini?"

Jibu la babu lilinifungulia njia. Mwindaji hataki mbwa wa kelele, kwa sababu mnyama akisikia mapema hukimbia. Lakini mbwa akinyamaza kabisa hupotea kwenye majani marefu. Kengele ilitatua matatizo yote mawili: mbwa alifanya kazi kimya, na bwana wake alijua alipo.

Desturi hii haikuwa ya Burundi peke yake. Georg Schweinfurth, msafiri Mjerumani aliyetembea katika nchi ya Wazande, kaskazini ya Kongo, kati ya miaka ya 1868 na 1871, aliandika juu ya mbwa wadogo wenye mikia iliyojikunja, waliofungwa kengele za mbao shingoni ili wasipotee nyikani. Mbwa wa jamii hiyo ndio wanaojulikana leo duniani kwa jina la basenji. Si bubu: hulia, huunguruma, na hutoa sauti ya ajabu inayofanana na kuimba. Ila kubweka mfululizo kama Simba si tabia yao.

Jina hilo lilinisimamisha. Basenji ni neno letu la Kiswahili, washenzi, lililobadilishwa kidogo katika lugha za Kongo. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Neno likasafiri na misafara, na wakati wa utawala wa Wabelgiji likatumika Kongo kuwadharau watu wa vijijini. Nasi tulikuwa karibu, kwa maana tangu 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Hivyo mbwa huyu alipelekwa Ulaya akiwa amebeba tusi walilotukanwa watu waliomfuga na kumfundisha kazi.

Safari yake haikuwa rahisi. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walioneshwa katika maonyesho ya Crufts huko London, lakini walikufa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonesha wengine katika maonyesho hayo hayo, na watu wakamiminika kumtazama mbwa asiyebweka. Wazungu wa mjini walimwona kama dawa ya kelele. Nadhani hawakuona kengele ilimaanisha nini: ukimya ule ulikuwa na kazi yake, na mbwa aliishi na mwindaji, akitembea naye siku nzima.

Penye mbwa wengine, watu wa nchi hizo walijaribu njia nyingine. Wapo waliowapeleka mbwa wao kwa daktari wakatwe nyuzi za sauti kooni. Jambo hili lilienea kiasi kwamba Mkataba wa Ulaya wa kuwalinda wanyama wa kufugwa nyumbani, uliotolewa Strasbourg mwaka 1987, ulilitaja na kulikataza, isipokuwa pale penye sababu ya tiba. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kamba ya kaka yangu. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi; umfunge mdomo katika joto la kwetu ziwani, utamuua.

Sasa narudi Kizuka. Mbwa wa mwindaji alienda wapi? Kwa maoni yangu, alibadilishiwa kazi. Misitu ilipungua, michikichi ikaongezeka, na msitu wa Kigwena uliobaki ni hifadhi, hauwindwi. Mbwa akatoka msituni akaja uani. Zamani tulimsifu kwa kunyamaza. Leo tunamfuga ili apige kelele mwizi akija. Halafu tunamfunga mahali anapoona kila mpita njia, hatumtembezi, hatumfundishi nani ni mwizi na nani ni jirani, kisha tunakasirika kwamba anabweka. Kelele za Simba tulizitaka wenyewe. Tulisahau kumwambia kiasi.

Nilimweleza baba haya yote, naye akanipa mwezi mmoja. Kwanza nilimhamisha Simba nyuma ya nyumba, asipoona njia. Pili, kila asubuhi nilikwenda naye shambani kwenye michikichi, akanusa na kukimbia hadi akachoka. Tatu, niliwakataza wadogo zangu kumfokea anapobweka, maana mbwa husikia kama nasi tunabweka pamoja naye. Badala yake nilikwenda kutazama alichokiona, nikamwita, na akinyamaza nikampa kichwa cha dagaa. Nne, nilimwomba jirani aje mara chache na mtoto wake, Simba awazoee.

Wiki ya kwanza hakukuwa na mabadiliko, na kaka alinicheka. Wiki ya tatu wavuvi walipita alfajiri na Simba akabweka mara mbili tu, akalala. Bado hubweka, hasa usiku wa mvua, lakini jirani amesema mtoto sasa analala, na habari ya sumu haikutajwa tena.

Babu naye ameomba nimtafutie kengele sokoni Rumonge. Nilimwambia Simba haihitaji, kwa kuwa anasikika vizuri. Akasema nimletee hata hivyo, anataka kusikia tena mlio wake. Nimeinunua. Asubuhi tunapokwenda shambani, watu hutusikia kwa kengele kabla hawajatuona, na wazee wawili watatu wameshatoka nje kuuliza nani anakwenda kuwinda.