Swali Lililosikika Redioni

Somo: Mwanzo 4:1–16



Sisi tunaokaa huku Riruta, asubuhi isiyo na mawingu huiona milima ya Ngong. Ni milima mizuri, lakini tukiitazama tunakumbuka Machi, mwaka 1975. Tarehe 2 ya mwezi huo Mheshimiwa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana mara ya mwisho akiwa hai mjini Nairobi. Mwili wake ulipatikana huko Ngong, umepigwa risasi. Nchi ikashikwa na hofu. Watu walinong'ona majumbani, na hadharani wakanyamaza.

Siku zile redio ya nchi ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, nayo ilikuwa ya serikali. Hata hivyo makanisa yalipewa dakika chache za ibada ya asubuhi. Katika siku hizo za majonzi, zamu ilimwangukia Kasisi David Gitari, mzaliwa wa Kirinyaga, Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 37. Angaliweza kuchagua neno laini, lisilomgusa mtu. Badala yake alisimulia hadithi ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua, ya Kaini na Habili. Alikumbusha kwamba Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake, na kwamba damu iliyomwagika ililia kutoka ardhini. Hadithi ni ya kale, lakini waliosikia walielewa.

Wakuu wa redio walimwita ajieleze, wakisema kwamba mahubiri yake yanawasumbua watu. Yeye alijibu kwamba Injili haina budi kuwasumbua wenye dhambi. Mwaka huohuo aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Mlima Kenya Mashariki, wala hakuacha kusema. Mwaka 1989 wavamizi waliishambulia nyumba yake usiku, Mungu akamwokoa. Mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya. Alipumzika mwaka 2013.

Ndugu wapendwa, ni rahisi kumsifu mtumishi huyo na kumlaumu Kaini. Lakini swali lile halikuulizwa kwa wauaji peke yao. Kaini alitenda dhambi mara mbili: kwanza alimwua ndugu yake, kisha akasema kwamba kumlinda hakumhusu. La kwanza wengi wetu hatujalitenda. La pili je?

Hapa kwetu nyumba zimebanana, na kati yetu na jirani pengine ni ukuta wa mabati tu. Tunasikia mama akipigwa usiku. Tunasikia mtoto akilia kwa njaa. Nasi tunafanya nini? Wengine wetu tunaongeza sauti ya redio ili tusisikie, na huenda kipindi chenyewe ni cha dini!

Leo redio ni nyingi, na mahubiri husikika mchana na usiku. Basi atakapotuuliza Mungu habari za ndugu yetu, hatutaweza kusema kwamba hatukusikia.

Tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya kusikia kilio cha jirani, na ujasiri wa kubisha mlangoni pake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.