Ngozi ya Sili na Picha Zitembeazo: Habari za Wasanii wa Inuit

Yafaa kwanza jina lielezwe. Inuit maana yake ni "watu", na mmoja wao huitwa Inuk. Jina Eskimo, walilobandikwa na wageni, lilidumu katika vitabu vya Kanada hadi miaka ya 1970, na leo wengi wao hulichukia. Jambo hili si dogo, kwani hata katika sanaa yao swali limekuwa ni nani amtajaye mwenziwe.

Mwaka 1957, huko Kinngait, kijiji kilichojulikana wakati huo kwa jina la Cape Dorset, James Houston aliwahimiza wenyeji wajaribu kupiga chapa picha zao. Mkusanyo wa 1959 ulikuwa na picha ya Kenojuak Ashevak ya sungura alaye mwani, ambayo asili yake ni pambo la mkoba wa ngozi ya sili. Basi ufundi wa mwanamke mkataji ngozi ulitangulia karatasi.

Ukatangulia filamu pia. Mwaka 1971 na 1973 Co Hoedeman, mzaliwa wa Uholanzi, aliitengenezea Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada hadithi mbili za bundi kwa vikaragosi vya ngozi ya sili. Kikaragosi husogezwa kidogo, hupigwa picha, kisha husogezwa tena, mpaka kionekane kinakwenda chenyewe. Kazi hizo ni nzuri, hapana ubishi. Ila ngozi na hadithi vilikuwa vya Inuit, na mwelekezi alikuwa mgeni. Mwaka huo huo wa 1973 ilitoka filamu ya vijana wa Kinngait wenyewe, miongoni mwao Solomonie Pootoogook na Timmun Alariaq. Ni majaribio mafupi mafupi, mengine yamekwaruzakwaruza, lakini kamera imo mikononi mwao.

Glenn Gear, ambaye asili yake ni Inuit wa Labrador, anafuata njia hiyo: hutengeneza filamu za kujaribia mbinu mpya, na pia hutunga shanga na kushona ngozi ya sili. Filamu yake ya 2016, Kablunât, yasimulia ngano ya binti aliyeolewa na mbwa, na jinsi Wazungu walivyotokana na uzao wake. Hapa mtajwaji amekuwa mtaji. Mwaka 2021, huko Winnipeg, alilichora kontena la mizigo na kutia picha zitembeazo ndani yake, akaliita Iluani/Silami, yaani ndani na nje.